Oveni ya Mama Iliyojiwasha Yenyewe

Oveni ya mama yangu ilianza kujiwasha yenyewe wiki ileile aliyokuwa amemnunia mke wangu. Ndiyo maana kazi ya saa moja ikachukua miezi miwili.

Mke wangu ni fundi wa oveni. Mtaani wanamwita Fundi, wateja wanamwita Fundi, na mimi baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, nikimwita kwa jina lake hugeuka kutazama ni nani aliyeingia. Chumba chetu cha mbele, ambacho kwa watu wengine kingekuwa sebule, kina meza ndefu, taa ya shingo inayopindika, makopo ya skrubu na oveni tatu au nne zilizovuliwa migongo. Wageni tunawakaribisha jikoni. Wakinikuta nimevaa aproni na ukoko umeshika sufuria, huuliza kwa huruma mama watoto anaumwa nini.

Hakuanzia kwenye oveni. Nilipomjua alikuwa opareta wa simu katika kampuni ya bima, yule anayekuambia subiri kidogo nikuunganishe. Mimi nilikuwa karani wa ghala upande wa pili wa mji, na kwa mwezi mzima nilipiga kila siku kuomba idara ya madai, ingawa sikuwa na bima wala dai. Siku moja akanikatiza. "Kaka, hao wa madai wamekuchoka. Kama una neno, niambie mimi." Nilikata simu kwa woga. Kesho yake nikapiga tena, nikamwambia.

Kampuni ilipoleta mitambo mipya isiyohitaji mtu wa kuunganisha, wenzake walilia na kuagana. Yeye aliomba apewe ule mtambo wa zamani. Akaupeleka kwao juu ya mkokoteni, akaufungua kwa bisibisi moja na kisu cha mkate, akakaa nao miezi minne mpaka akajua kila waya unatoka wapi na unakwenda kufanya nini. Kutoka hapo akaingia chuo cha ufundi, mwanamke peke yake darasani, na akachagua oveni za umeme kwa sababu moja tu: mafundi wengi walikuwa wanaogopa bodi. Bodi ni lile bamba la kijani lililojificha nyuma ya vitufe, lenye vidude vidogo kama mbegu, ndilo linaloamua oveni iwake lini na ipate moto kiasi gani. Kikiharibika kitu chochote ndani ya oveni, bodi ndiyo inayosingiziwa.

Mama yangu naye ni mstaafu. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, na mpaka leo kuna madaktari wenye mvi wanaoficha mikono mfukoni wakikutana naye barabarani, wakihofia atatazama kucha. Nilipompeleka mchumba wangu kumtambulisha, mama hakumtazama usoni. Alimtazama vidole, vilivyokuwa na alama ndogondogo za kuungua.

"Hivi ni nini, majipu?"

"Lehemu, Mama," mke wangu akasema. "Nilikuwa naunganisha waya."

Mama akaingia ndani, akatoka na dawa na bandeji, akamfunga vidole vitatu bila kusema neno. Alipomaliza akauliza, "Na mikono hii, nani atapika?"

"Mimi, Mama," nikajibu.

Mama akatafuta kiti.

Miaka ikapita, wakazoeana, lakini kuzoeana siyo kukubaliana. Mama aliamini kwamba umeme ni kazi ya wanaume, na kwamba mke wangu anaifanya kwa ukaidi, kama mtoto anayekataa kuvaa viatu. Halafu ikaja habari ya pasi. Mke wangu alimtembelea, akakuta amekwenda sokoni, akaona pasi inatoa cheche kwenye waya. Mama aliporudi alikuta pasi yake imelala mezani imepasuliwa kama samaki. Ilikuwa imeshatengenezwa na inasubiri kufungwa tu, lakini mama hakuuliza hilo.

"Katika nyumba yangu," alisema, "hakuna anayefanyiwa upasuaji bila ruhusa ya ndugu."

Akanuna. Na siku tatu baadaye, oveni yake ikapiga kelele tii, tii, tii, ikaandika kwenye kioo chake herufi F na namba moja, ikazima. Kesho yake ikajiwasha bila mtu kuigusa.

Mtu mwingine angemwita mkwe wake. Mama alimwita Bwana Bodi.

Huyu jina lake la kuzaliwa hakuna anayelikumbuka. Ni fundi mwenye roho nzuri, mcheshi, mwenye shati safi, na ana jibu moja. Umpelekee oveni, umpelekee feni, umpelekee saa ya ukutani inayotumia betri, atainamisha kichwa, atasikiliza kidogo, atasema, "Hii ni bodi." Alisema hivyo kwa mama. Akaisogeza oveni katikati ya jiko, akaifunika shuka kama maiti, akakataza mtu yeyote asiisogelee wala kuifuta vumbi mpaka bodi mpya ifike. Ilichukua siku tisa. Akaifunga, ikawaka vizuri, mama akamshukuru. Siku ya tatu: tii, tii, tii. F moja.

"Hiyo bodi ilikuja na ubovu wake," Bwana Bodi akasema. Shuka tena. Siku kumi na mbili. Bodi ya pili ikafungwa, ikawaka, na siku ya nne ikaanza kulia kama ya kwanza.

Mimi niliyajua haya yote kwa sababu nilimkuta mama ameketi mbele ya oveni na daftari la jalada gumu, anaandika. Alikuwa anaiandikia oveni maendeleo yake kama mgonjwa: saa, dalili, hatua iliyochukuliwa. Akaniapisha.

"Mkeo asijue."

"Lakini Mama, yeye ndiye kazi yake hasa."

"Asijue, nimesema. Nitamwambia mwenyewe ikishapona."

Sasa mimi na siri ni paka na maji. Nilirudi nyumbani nikakuta mke wangu ameinama juu ya bodi, miwani imeshuka puani, nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, "Mama hajambo. Oveni yake haina tatizo lolote."

Hakuinua kichwa. "Nani amekuuliza habari za oveni?"

Nikaingia jikoni kukatakata vitunguu ambavyo hatukuvihitaji.

Kwa wiki tano hakusema kitu. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na kila tulipokula alinitazama kwa upole ulioninyima usingizi. Mara moja tu aliniuliza, kana kwamba anaongea na kijiko, "Huko kwingine, wamewahi kupima kabla ya kubadilisha?" Nikasema kwingine wapi. Akasema, "Basi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ilifika Jumamosi moja ambayo mama alikuwa ameahidi keki mbili kwa muuguzi mwenzake aliyekuwa anastaafu, sherehe saa kumi jioni. Asubuhi alikwenda kuoga. Oveni, ambayo ndani yake alihifadhi mabakuli yake ya plastiki kama wanavyofanya wengi, ikajiwasha moto wa juu kabisa. Alipotoka bafuni, mabakuli matano yalikuwa yamekuwa bakuli moja, moshi umejaa mpaka barazani, na jirani amesimama mlangoni na ndoo ya maji akiuliza ammwagie nani.

Simu yangu ikalia.

"Njoo," mama alisema, akikohoa. "Njoo na mkeo."

"Nimwambie umemwita?"

"Mwambie apite tu kunisalimia. Na kama kwa bahati atakuwa amebeba vifaa vyake, sitamfukuza."

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameshavaa viatu na mkoba wa vifaa uko begani.

Tulimkuta Bwana Bodi ametutangulia. Alikuwa amesimama jikoni, madirisha yote wazi, na chini ya kwapa ameshika boksi. Bodi ya tatu.

"Shikamoo, Mama," mke wangu akasema.

"Marahaba. Unaona hali."

"Naona. Mwanzo wake ulikuwaje?"

"Fundi mwenzangu, tusipoteze muda," Bwana Bodi akaingilia. "Hii ni bodi."

"Inawezekana," mke wangu akasema, na hakuna neno lililomtisha Bwana Bodi kama hilo. "Bodi zile mbili za kwanza, ziko wapi?"

"Ziko garini. Zote nimezihifadhi."

"Usizitupe."

Akazima swichi kuu ya umeme ukutani, akabandika karatasi yenye maneno USIWASHE, akamtazama jirani wa ndoo mpaka akarudi nyuma. Akaisogeza oveni, akafungua skrubu nane za nyuma, kila moja akaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Nimemwona akifanya hivi mara mia, na bado napenda kutazama. Hana haraka. Anapumua kwa pua. Ukimsemesha wakati huo anakujibu lakini jibu linatoka kwa mtu mwingine.

Aliitazama bodi kwa tochi, akanusa. Hakuna mahali palipoungua, hakuna kidude kilichovimba, lehemu zote zinang'aa. Kwenye bodi kulikuwa kumechomekwa utepe mpana, mwembamba kama karatasi, uliotoka kwenye vitufe vya mbele. Vitufe vya oveni ile si vya kubonyea ndani. Ni uso laini unaoguswa kwa kidole, na utepe ndio unaopeleka habari: huyu ameomba moto, huyu amesema zima.

Mke wangu akauchomoa utepe kutoka kwenye bodi. Akausogeza kando usiguse kitu, akafunika mgongo wa oveni, akatuambia sote tusimame mbali, akawasha swichi kuu.

Kioo kikawaka. Kikaonyesha saa. Tukasubiri. Mama alikuwa ameshika saa yake ya kifuani, ile ya wauguzi, anahesabu. Dakika moja. Mbili. Tano. Hakuna mlio, hakuna F, hakuna moto.

"Imepona!" Bwana Bodi akasema.

"Haijapona. Haina vitufe," mke wangu akasema. "Lakini bodi haina kosa. Ingekuwa bodi ndiyo mbovu, ingelalamika hata bila vitufe. Hii inalalamika tu ikisemeshwa. Kuna mtu anaisemesha."

Jirani, huko mlangoni, akarudi hatua nyingine nyuma. "Mtu gani?"

"Siyo wa aina hiyo," mke wangu akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona mama akificha tabasamu.

Akazima tena umeme, akachukua mita yake ya kupimia umeme, akagusa ncha mbili kwenye mistari ya utepe. Mita inalia pale tu kitufe kinapoguswa. Kisipoguswa inatakiwa inyamaze. Hakuna aliyekuwa karibu na vitufe. Mita ikalia. Akahamisha ncha, ikalia tena. Kulingana na mita, mtu asiyeonekana alikuwa ameshikilia kitufe cha moto wa juu na kitufe cha kuzima kwa wakati mmoja. Hapo ndipo bodi ilipokuwa inachanganyikiwa na kuandika F moja, na ukweli ni kwamba bodi ya kwanza kabisa ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo.

Akatoa fremu ya mbele, akauchungulia uso wa vitufe kwa nyuma. Nilisimama begani kwake, nikaona alichoona. Matone. Matone madogo ya maji yamejipanga ukingoni, na nyayo za utepe, yaani ncha zake za shaba, zimeota kutu ya kijani. Akainua ile fremu puani, akanusa.

Nami nikanusa. Ilikuwa harufu ya utoto wangu wote: dawa ya kuua vijidudu ya wodini, ile ambayo mama anaitia kwenye ndoo na kufutia kila kitu kilichosimama wima, nikiwamo mimi.

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Bwana Bodi naye akainama, akanusa, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Ahaa! Kumbe Mama ndiye—"

Nilimkanyaga mguu. Sijawahi kumkanyaga mtu makusudi, na nilikanyaga vibaya, kwa kisigino. Akameza maneno yake yote.

Mama alikuwa anatutazama mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nafikiria itakuwaje mke wangu amwambie muuguzi mkuu mstaafu kwamba ugonjwa wa oveni ni usafi. Pasi tu ilileta wiki za kununa. Kwa hili tungehama mji.

Mke wangu akaweka fremu mezani taratibu.

"Mama, mume wangu aliwahi kuniambia unaandika maendeleo."

Sikuwahi kumwambia, nadhani aliliona daftari dirishani, lakini hapo hapakuwa mahali pa kubishana.

"Naandika," mama akasema.

"Naomba unisomee. Mashine haina mdomo. Bila historia nabahatisha."

Hilo lilimgusa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi mtu kumwomba ripoti. Akalileta daftari, akavaa miwani, akasimama wima kama anakabidhi zamu.

"Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usafi wa uso wa oveni. Saa moja kasoro robo, milio mitatu, F moja. Jumanne. Saa kumi na mbili na nusu, usafi. Saa moja kasoro dakika kumi, ilijiwasha. Jumatano, nilikuwa kliniki ya macho, usafi haukufanyika. Hali nzuri siku nzima." Akafungua ukurasa. "Alhamisi. Usafi mara mbili kwa sababu ya Jumatano. Milio..." Sauti ikapungua. "Milio kumi na moja."

Akaendelea kusoma kimyakimya, kidole kikishuka ukurasani. Akarudi nyuma, akaangalia zile siku ambazo oveni ilikuwa chini ya shuka, haiguswi na mtu. Kisha akafunga daftari.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni maji, Mama," mke wangu akasema.

"Maji hayatembei yenyewe."

"Hayatembei. Lakini aliyetengeneza hii oveni alitakiwa aweke mpira mzuri zaidi ukingoni. Hakujua itafika kwa mtu anayefuta kila siku."

Mama akamtazama muda mrefu. Mwishowe akageuka kwa Bwana Bodi, ambaye alikuwa bado anasugua mguu.

"Na wewe. Mara mbili umeninunulisha moyo mpya kwa mgonjwa mwenye vidole vibovu."

"Mama, kila nilipobadilisha, ilifanya kazi," akajitetea, na alikuwa mkweli.

"Kwa sababu ilikaa siku tisa chini ya shuka ikikauka," mke wangu akasema. Hakusema kwa dharau. "Hata mimi ningedanganyika, kama nisingepima."

Saa ya mama ilisema saa sita na robo. Uso mpya wa vitufe ungelazimika kuagizwa, lakini keki zilikuwa za siku hiyo. Mke wangu akasafisha nyayo za utepe kwa spiriti na mswaki, na mama akaleta mashine yake ya kukaushia nywele, akakataa kumpa mtu mwingine. Alikausha kwa dakika arobaini kamili, mkono haujatetemeka, huku akimuuliza mke wangu maswali. Huu mstari ni wa nini? Kwa nini hapa inalia na hapa hailii? Nikishika ncha hizi vibaya nitakufa? Mke wangu akampa mita ashike mwenyewe. Mama akagusa mistari yote, mmoja baada ya mwingine, mita ikanyamaza kote, naye akaandika daftarini: kimya, kimya, kimya.

Oveni ikawaka. Keki ya kwanza ilididimia katikati kwa sababu sote wanne, na jirani wa tano, tulifungua mlango mara kwa mara kuhakikisha ipo. Ya pili mama alitufukuza jikoni, ikaiva vizuri, akaenda nayo sherehani akiwa amechelewa dakika ishirini, jambo ambalo wenzake bado wanalizungumza.

Hakumwomba mke wangu radhi. Mama hana kiungo hicho mwilini. Lakini uso mpya wa vitufe ulipofika, hakukubali ufungwe mpaka afundishwe jinsi ya kuufunga, na Jumatatu iliyofuata, saa mbili kamili, alibisha hodi kwetu amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, daftari jipya mkononi.

"Nimekuja kuona unavyofanya kazi," akasema. "Nikikukera, sema."

Huu ni mwaka wa pili. Anakuja siku tatu kwa wiki. Amewekewa kiti na meza ndogo karibu na mlango, na hakuna mteja anayemfikia fundi kabla ya kupita kwake. Anawauliza historia. Ilianza lini? Kabla haijaanza ulifanya nini? Unaifuta kwa kitu gani, na usinidanganye. Bwana Bodi naye siku hizi huleta oveni zake zipimwe kabla hajanunua kitu, na hukaa mbali na miguu yangu.

Mimi napikia watu watatu badala ya wawili, na mezani sisikii habari nyingine ila utepe, vihisio na lehemu. Juzi nilichangia kwamba mchuzi umekolea, wakanitazama kama mtu aliyekohoa wakati mwenzake anaongea kwenye simu.

Wiki iliyopita alikuja meneja mmoja wa benki, suti na tai, na oveni yake nyuma ya gari. Alimwambia mama kwamba imeanza tu kulia, hajui kwa nini, hakuna kilichotokea. Mama akaandika. Akainua macho. Akangoja. Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi, na niliona jasho likimtoka yule bwana kwenye paji la uso.

"Kulikuwa na supu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Supu gani, iko wapi?"

"Ilimwagika. Juu ya vitufe. Mke wangu hajui."

Mama akaweka kalamu chini, akageuza kiti kuelekea meza ndefu.

"Rudia kwa sauti," akamwambia, "fundi asikie."

Na kule chini ya taa, nikamwona mke wangu ameinama zaidi juu ya bodi yake, mabega yakitikisika kwa kicheko, huku yule meneja akisafisha koo kuanza upya.